Mwongozo Kamili wa Kutambua Mito na Mapepeo ya Mashapo ya Kale Katika Miamba

Ripoti nyingi za wanafunzi wa jiolojia kuhusu miamba ya mashapo hukwama mahali pamoja. Mwanafunzi huona mawe makubwa ndani ya mwamba mwekundu, akaandika kwamba hapo palikuwa na pepeo la mashapo. Huona mchangawe wenye tabaka mshazari, yaani tabaka ndogo zilizoinama ndani ya tabaka kubwa, akaandika kwamba hapo palikuwa na mto. Kurasa zinazofuata hulitetea jina hilo badala ya kulipima, na msimamizi anapouliza ushahidi uko wapi, daftari halina jibu.

Tatizo hili halitokani na uhaba wa vifaa. Linatokana na mpangilio wa kazi: jina la mazingira limetangulia maelezo ya tabaka. Hakuna tabaka moja linaloweza kuthibitisha mto, kwa sababu maji yanayokwenda kasi huacha alama zinazofanana mtoni, ufukweni na hata chini ya bahari. Kinachothibitisha ni kundi la tabaka pamoja na mpangilio wake, umbo lake, mwelekeo wa mkondo uliolileta na asili ya mawe yake.

Katika mwongozo huu, pepeo la mashapo ni lile lundo linalotandazwa pale korongo linapotoka mlimani na kuingia uwandani: maji hutawanyika, nguvu ya kubeba mzigo hupungua ghafla, na mawe hubwagwa kwa umbo la pepeo lililofunguliwa. Mfano tutakaourejea ni wa Bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, hasa miamba ya Nsungwe iliyoko upande wa Mbeya na Songwe. Katika miamba hiyo watafiti wamesoma mapepeo ya mashapo katika sehemu ya chini, iitwayo Utengule, na mito, maziwa na ardhi oevu katika sehemu ya juu, iitwayo Songwe.

Vifaa vinavyohitajika

- Daftari lenye jalada gumu, penseli na karatasi za grafu.
- Dira yenye klinomita (kipima mwinamo), iliyorekebishwa kwa tofauti ya kaskazini ya sumaku ya eneo lako.
- Tepu ya kupimia ya mita 5, nyingine ya mita 30, na fimbo ya mita 1.5 yenye alama kila sentimita 10.
- Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, na kadi ya kulinganishia ukubwa wa chembe.
- Nyundo ya jiolojia, miwani ya kukinga macho na kofia ngumu.
- Kichupa cha asidi hidrokloriki ya asilimia 10, kwa ajili ya kutambua chokaa.
- GPS, na kamera au simu yenye picha safi.
- Mifuko ya sampuli na kalamu isiyofutika.

Kabla ya vifaa, kuna vibali. Tanzania, utafiti huhitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na visukuku vinalindwa na sheria ya mambo ya kale. Kenya, visukuku vinalindwa na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa. Ukikuta mfupa, upige picha, andika mahali ulipo, uache ulivyo, kisha utoe taarifa. Mfupa uliong'olewa bila kujulikana tabaka lake umepoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa sayansi, na kwa kazi hii hasa hauna msaada tena.

Hatua ya 1: Chagua ukuta wa mwamba unaoonekana pande mbili

Tafuta mahali ambapo mwamba umejitokeza kwa urefu wa kwenda juu na pia kwa upana wa kwenda pembeni: kingo za korongo, machimbo ya mawe, au mkato wa barabara. Urefu unakupa mfuatano wa matukio, na upana unakupa umbo la kila tukio. Wengi huridhika na urefu peke yake, kisha wakashindwa kutofautisha mfereji wa mto na mchanga uliotanda uwandani, kwa sababu tofauti yao iko pembeni.

Simama mbali kwanza. Piga picha zinazopishana kutoka upande mmoja hadi mwingine, uziunganishe, halafu uchore juu yake mistari mikubwa inayoonekana, yaani nyuso zilizokatwa, matabaka manene na mahali yanapoishia. Fanya hivyo kabla ya kukaribia, kwa kuwa ukishaweka lenzi jichoni ni vigumu kuuona ukuta mzima.

Onyo: usisimame chini ya mwamba unaoning'inia, wala usifanye kazi korongoni mvua ikinyesha milimani. Maji hufika hata pale ulipo wewe pakiwa pakavu.

Hatua ya 2: Eleza kila tabaka bila kutaja mazingira

Hii ndiyo hatua inayoamua hatima ya kazi nzima, kwa hiyo ipe muda mwingi kuliko zote. Anza chini, panda juu, na kwa kila tabaka andika unene, ukubwa wa chembe, namna chembe zilivyochambuka, umbo la chembe, mpaka wa chini, miundo iliyomo ndani, rangi na visukuku. Tumia kipimo cha 1:50, ambapo mita moja ya mwamba ni sentimita 2 kwenye karatasi.

Kwa ukubwa, shika mipaka inayotumika kote: mchanga ni wa milimita 0.0625 hadi 2, changarawe laini ni hadi milimita 4, mbwe ni hadi milimita 64, mawe ni hadi milimita 256, na kinachozidi hapo ni jabali. Kuandika "mchanga mkubwakubwa" hakutoshi. Linganisha na kadi, uandike namba.

Mpaka wa chini husahauliwa mara nyingi, nao unasema mengi. Mpaka uliochimbika, wenye vipande vya tope lililong'olewa kutoka tabaka la chini, unaonyesha mkondo uliokata kabla ya kutua mzigo. Mpaka tambarare chini ya tabaka nene la mawe yasiyochambuka unaonyesha mzigo uliofika bila kuchimba sana.

Kwa tabaka la mbwe na mawe, uliza swali moja la ziada: je, mawe yanagusana, au yanaelea ndani ya tope na mchanga? Jibu lake ndilo litakalobeba Hatua ya 4. Pima pia mhimili mrefu wa mawe 10 makubwa kuliko yote katika tabaka hilo, utafute wastani, uuandike kando ya unene wa tabaka.

Rangi iandike, lakini usiitumie kuamulia. Wekundu hutokana na hematiti, madini ya chuma ambayo mara nyingi hukua baada ya mashapo kuzikwa. Si uthibitisho wa jangwa wala wa pepeo.

Umefanikiwa ikiwa mwenzako, kwa kusoma daftari lako tu, anaweza kwenda kwenye mwamba akalitambua kila tabaka, na ikiwa neno "mto" halimo hata mara moja katika kurasa hizo.

Hatua ya 3: Panga tabaka katika aina chache

Ukishakuwa na maelezo ya mita 30 au zaidi, tabaka zitaanza kujirudia. Zipange katika aina, na kila aina uipe alama fupi. Wanajiolojia wengi hutumia alama za Andrew Miall, alizoanza kuzitoa mwaka 1977: herufi kubwa G kwa mawe na mbwe, S kwa mchanga, F kwa tope na chembe laini, kisha herufi ndogo kwa muundo. Kwa mfano, Gmm ni mawe yanayoelea ndani ya tope bila mpangilio, Gh ni mbwe zinazogusana katika tabaka za kulala, St ni mchanga wenye tabaka mshazari za umbo la hori, na Fl ni tope jembamba lenye tabaka laini.

Aina sita hadi kumi hutosha. Ukifika ishirini, umegawa kupita kiasi. Jihadhari pia na hatari ya kinyume chake: alama hizi zimekuwa maarufu kiasi kwamba watu huzibandika bila kuutazama mwamba wenyewe. Alama ni kifupisho cha maelezo yako; haichukui nafasi ya maelezo hayo.

Hatua ya 4: Tenganisha mzigo ulioletwa na tope na ule ulioletwa na maji

Hapa ndipo pepeo na mto huanza kuachana.

Mtiririko mzito wa tope na mawe huenda kama mzigo mmoja. Tope hubeba mawe bila kuyachambua, kisha unapopoteza nguvu husimama wote kwa pamoja. Mwamba wake huwa na mawe ya ukubwa wowote yanayoelea ndani ya tope, hauna tabaka mshazari, mawe hayana mwelekeo mmoja, na mara nyingine mawe makubwa yapo juu kuliko chini, hata mengine yamechomoza kwenye uso wa tabaka. Katika tabaka za namna hii, unene na ukubwa wa mawe mara nyingi hupanda pamoja, kwa sababu mtiririko mnene ndio unaoweza kubeba jabali. Ndiyo maana ulitakiwa kupima mawe 10 na kuandika unene kando yake. Chora sasa vipimo hivyo viwili kwenye grafu uone kama vinaandamana.

Maji hufanya kinyume. Huchambua, huviringisha, hupanga. Mbwe hugusana, tope huoshwa, na mawe bapa hulaliana kama vigae vya paa, yakiinamia upande maji yalikotoka. Tabaka mshazari za mchanga ni matuta yaliyosafiri chini ya maji.

Kwenye pepeo utakuta pia mafuriko ya kutanda, yaani maji mengi yasiyo na mfereji yanayopita juu ya uso mpana. Haya huacha tabaka nyembamba pana, mbwe na mchanga zikipokezana kwa jozi nyingi, bila mfereji ulio dhahiri. Mwanafunzi anayeijua alama ya tope peke yake huiona hali hii akadhani ni mto.

Lichukulie kundi zima. Tabaka moja la tope na mawe linaweza kuporomoka kutoka ukingo wa mto wowote. Tabaka kama hizo zikirudiarudia kwa makumi ya mita, zikichanganyika na mafuriko ya kutanda na zikikosa mifereji mikubwa, hoja ya pepeo huanza kupata uzito.

Hatua ya 5: Pima mielekeo ya mikondo ya kale

Kwenye tabaka za hori, pima mhimili wa hori, si ubavu wake. Ubavu unaweza kukupotosha kwa digrii nyingi. Kwenye mbwe zilizolaliana, pima upande zinakoinamia, kisha ugeuze: mkondo ulikwenda upande wa pili. Kosa la kusahau kugeuza hubadilisha ramani nzima, likaweka mlima pale palipokuwa na ziwa.

Kusanya angalau vipimo 25 kwa kila kituo na kila aina ya tabaka, bila kuvichanganya. Ikiwa mwamba umeinama kwa zaidi ya digrii 10 hivi, rudisha kwanza tabaka kwenye hali ya kulala, kwa karatasi ya mviringo ya kukokotolea pembe (stereonet) au kwa programu.

Usitafute wastani kwa kujumlisha digrii na kugawanya. Vipimo viwili vya digrii 350 na 10 vyote vinaelekea kaskazini, lakini wastani wa kawaida unatoa 180, yaani kusini. Jumlisha saini (sin) za pembe zote, jumlisha kosaini (cos) zake, kisha tafuta mwelekeo kutokana na jumla hizo mbili. Chora pia mchoro wa mviringo unaoonyesha mtawanyiko.

Mtawanyiko una habari zake. Mto wa mikondo iliyosukana, yaani inayogawanyika na kuungana tena kati ya mafungu, huwa na mielekeo iliyokaribiana. Mto unaojipinda hutawanya zaidi. Pepeo hudhihirika unapolinganisha vituo: kila kituo kina mwelekeo wake, na mistari yote ukiirudisha nyuma hukutana karibu na mdomo wa korongo la kale. Kwa sababu hiyo kituo kimoja hakiwezi kuthibitisha pepeo, hata kiwe na vipimo mia mbili.

Hatua ya 6: Soma umbo la pembeni

Rudi kwenye picha ulizounganisha katika Hatua ya 1. Sasa fuata nyuso zilizochimbika na nyuso za ukuaji wa mafungu ya mchanga. Ikiwa nyuso hizo zinainamia upande wa kulia au kushoto wa mkondo, fungu lilikua kuelekea pembeni, kama ilivyo kwenye kona za mto unaojipinda. Ikiwa zinainamia kule mkondo unakokwenda, fungu lilikua kuelekea chini ya mto, jambo la kawaida katikati ya mto wa mikondo iliyosukana. Bila vipimo vya Hatua ya 5 huwezi kujua ni lipi kati ya haya mawili, na ndiyo maana mielekeo imetangulia.

Kuna dhana iliyoenea kwamba mchanga unaoanza mkubwa chini na kuwa laini juu ni mto unaojipinda. Dhana hiyo haitoshi. Mfereji wowote unaoachwa polepole na maji hujaza kwa mpangilio huohuo, hata kwenye pepeo. Nyuso za ukuaji wa pembeni ndizo zinazotakiwa kuonekana.

Hatua ya 7: Usiruke tope na udongo wa kale

Tabaka laini hazivutii macho, na kwa kweli ndizo zinazopuuzwa kuliko zote, ilhali zinahifadhi kumbukumbu ya uwanda ulio nje ya mfereji. Tafuta alama za mizizi zinazokwenda chini na kugawanyika, mabaka ya kijivu na mekundu, na vinundu vya chokaa vinavyotoa povu ukivitonesha asidi. Vinundu hivyo vikiwa mahali vilipokulia, vinaonyesha udongo uliokaa wazi muda mrefu katika hali ya hewa yenye ukame wa msimu.

Tafuta pia nyuso zilizong'aa kwa kusuguana ndani ya udongo wa mfinyanzi. Hizi hutengenezwa pale udongo unapovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi. Aliyelima kwenye udongo mweusi wa mbuga anaifahamu mipasuko hiyo, na ataitambua haraka katika mwamba.

Tope lenye tabaka laini, samaki na magamba ya viumbe wadogo wa maji baridi linakuelekeza kwenye ziwa au dimbwi. Katika sehemu ya Songwe ya miamba ya Nsungwe kumepatikana samaki, vyura na nyoka pamoja na wanyama wa nchi kavu, akiwemo jamaa wa kale wa masokwe aliyeitwa Rukwapithecus, aliyetangazwa mwaka 2013. Majivu ya volkano yaliyomo humo yameipa miamba hiyo umri wa takriban miaka milioni 25. Majivu yana thamani kubwa: tabaka lake hutua karibu kwa wakati mmoja eneo zima, hivyo hukuwezesha kuunganisha vituo vyako kwa uhakika. Ukilikuta, lichukulie sampuli.

Hatua ya 8: Tafuta mawe yametoka wapi

Chora mraba juu ya tabaka la mbwe, hesabu mawe 100, na uandike kila moja ni aina gani: kwatsi, naisi, graniti, lava au mchangawe wa zamani zaidi. Andika pia kama ni la pembe kali au limeviringika. Pepeo hupokea mawe kutoka bonde dogo lililo nyuma yake, hivyo aina huwa chache na pembe kali ni nyingi. Mto mkubwa hukusanya kutoka nchi pana, ukachanganya.

Onyo moja: mbwe za kwatsi zilizoviringika zinaweza kuwa zimetoka kwenye kongolomerati (mwamba wa mbwe zilizoshikamana) ya kale iliyomomonyoka, wala si ushahidi wa safari ndefu. Tazama kama zimevunjika kisha zikabaki na pembe upande mmoja.

Hatua ya 9: Kadiria kina cha mto

Fanya hatua hii kwa mchanga wenye tabaka mshazari za hori tu. Pima unene wa seti nyingi, yaani mafungu ya tabaka mshazari yaliyoachwa na tuta moja moja, na utafute wastani. Kimo cha tuta lililoacha seti hizo hukadiriwa kuwa mara 2.9 ya wastani huo, na kina cha maji mara 6 hadi 10 ya kimo cha tuta. Seti za wastani wa sentimita 20 zinatoa tuta la sentimita 58, na kina cha mita 3.5 hadi 5.8 hivi.

Andika masafa hayo yote, si namba moja. Kisha yalinganishe na unene wa mifereji kamili uliyoiona ukutani. Vikipishana sana, huenda ulipima seti zilizokatwa au aina nyingine ya tabaka.

Hatua ya 10: Pambanisha maelezo yanayoshindana

Sasa, na si kabla ya hapa, andika majina ya mazingira. Andika angalau matatu, na kwa kila moja orodhesha kinacholiunga mkono na kinacholikataa.

Pepeo dhidi ya mto wa mikondo iliyosukana ndilo pambano gumu, kwa sababu vyote viwili vina mbwe na mafungu. Tazama mteremko na umbali. Mapepeo huteremka kwa digrii 1.5 au zaidi, hata kufikia 25, ilhali mito ya uwandani kwa kawaida haifiki nusu digrii. Mapepeo mengi pia hayazidi kilomita 15 kutoka mdomo wa korongo. Kwa hiyo ukubwa wa mawe unapaswa kupungua haraka kutoka kituo hadi kituo, na mashapo yawe manene karibu na mpasuko wa ardhi. Kama mawe makubwa yanabaki na ukubwa uleule kwa makumi ya kilomita, achana na pepeo.

Matuta ya upepo nayo yana tabaka mshazari, mara nyingi ndefu na zenye mwinamo mkali, lakini mchanga wake umechambuka vizuri na mbwe hazimo. Maeneo ya kupwa na kujaa huacha utando wa tope juu ya tabaka za mchanga na mielekeo miwili inayopingana. Ukiona hayo, au visukuku vya bahari, anza upya kwa moyo mkunjufu. Daftari lako la Hatua ya 2 bado ni zima.

Hatua ya 11: Chora mandhari na uwe wazi kwa msomaji

Chora mfuatano wa kwenda juu, kisha mchoro wa mandhari unaoonyesha mlima, mpasuko, korongo, pepeo, uwanda na ziwa. Mazingira yaliyofuatana bila pengo kwenda juu yalikuwa pia majirani pembeni, lakini kanuni hii haifanyi kazi pale uso wa mmomonyoko unapokata mfuatano. Kagua nyuso hizo kabla ya kuitumia.

Katika miamba ya Nsungwe, mashapo ya mapepeo yapo chini na yale ya mito, maziwa na ardhi oevu yapo juu. Mfuatano huo unaendana na bonde lililoanza kushuka kando ya mpasuko, milima ikamwaga mzigo wake karibu, kisha maji yakapata nafasi ya kukaa katikati ya bonde. Chini yake iko miamba ya Galula ya zama za Kretasia (zama za mwisho za dinosauri), iliyowekwa na mito mikubwa iliyoelekea kaskazini-magharibi. Mabadiliko kutoka mto mrefu wa namna ile hadi mapepeo mafupi ya bondeni yanaonekana katika mielekeo na katika aina za mawe, na ndiyo sababu Hatua za 5 na 8 hazirukwi.

Kwenye mchoro wako tumia mstari mzito kwa kilichopimwa na mstari wa nukta kwa kilichokisiwa. Chini yake andika namba za vituo, idadi ya vipimo kwa kila kituo, na tabaka ambalo, likipimwa upya na mtu mwingine, lingeweza kukubadilisha mawazo.